Nuru binti Faradji na Mugeni wa Chini ya Sikio

Habari hii ina mambo mawili: sauti ya Nuru na uvimbe wa Nuru. Kwenye sauti nitatia chumvi, maana mboga ya sombe bila chumvi nani anakula? Kwenye uvimbe sitatia hata punje. Mwenye akili atajua acheke wapi na ashike wapi.

Nuru alikuwa wifi yangu, muke wa kaka yangu Abedi. Tulikaa Kabambare, karibu na muto Luama, wakati wa Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, wakati kila mwenye mikono miwili alilazimishwa kulima pamba, hata kama yeye mwenyewe hakuwa na nguo ya kubadilisha. Nuru alizaliwa upande wa Kasongo. Wanasema alipotoka tumboni hakulia kama watoto wengine. Alipiga kigelegele, na mukunga akaangusha wembe. Mimi sikuwepo, lakini namujua Nuru, kwa hiyo naamini.

Kwetu binti havuki mulango wa baba yake kwenda kuolewa mpaka mama yake amupigie kigelegele. Mama akinyamaza, wakwe wanasema wamepewa kuku wa kuokotwa njiani, na neno hilo litamufuata binti mpaka meno yamuishe. Siku ya Nuru mwenyewe kuolewa, mama yake alikuwa marehemu. Watu wakatazamana pale mulangoni. Mashangazi wakaanza kusukumana, wewe piga, hapana wewe. Basi bibi harusi akafunua ushungi, akajipigia mwenyewe. Machikichi yakaanguka chini bila mutu kupanda muti. Mbuzi wa jirani mwenye mimba ya miezi miwili akazaa palepale. Kaka yangu Abedi akaniambia sikioni, "Dada, huyu nitamuweza?" Nikamuambia, "Humuwezi, lakini umekwisha kutoa mahari."

Tangu siku hiyo hakuna arusi ya Kabambare iliyofanyika bila Nuru. Ya msikitini alikwenda, ya kwa mapadri alikwenda.

"Wifi," nilimuuliza, "kwa shehe uko, kwa padri uko. Siku ya kiyama utasimama musitari gani?"

"Katikati," akasema. "Wote watanisikia."

Mugeni aliingia baada ya Nuru kuzaa mutoto wa tatu, yule Mwavita. Nilikuwa namusuka Nuru nywele. Kidole changu kikapita chini ya sikio la kushoto, nyuma kidogo ya pembe ya taya, kikakuta kitu kama punje ya mahindi. Nikikisukuma kinateleza, kinarudi.

"Wifi, umeficha nini hapa?"

"Wapi? Acha kunitekenya."

"Hapa. Inauma?"

Akajishika. Akabonyeza, akabonyeza tena. "Haiumi hata kidogo," akasema. "Labda ni kigelegele kilichokwama."

Wamama wakaitana kuja kupapasa. Wakasema hayo ni matubwitubwi, ule ugonjwa wa watoto wa kuvimba mashavu. Dawa yake tunaijua wote: unapakwa masizi ya chungu usoni, unabeba muchi wa kutwangia mpaka kwenye muti mubichi, unaugonga muti na kusema, "Matubwitubwi, hamia huku." Nuru, mama mzima wa watoto watatu, akatembea muji mzima na uso mweusi kama sufuria, muchi begani, watoto nyuma yake wanaimba. Akaugonga muti. Muti ukakauka wiki ileile. Punje haikuhama.

Na tungejua, kama tungefikiri. Matubwitubwi yanakuja na homa, yanauma, na hayakai mwezi. Hii punje haikuwa na homa, haikuuma, na haikuwa na haraka. Ilikaa. Mwaka ukapita, ikawa kama karanga. Miaka mingine ikapita, ikawa kama chikichi. Nuru akaipa jina la Mugeni. "Mugeni wangu mzuri," alisema, "hali, hanywi, hadai kitanda." Akiwa na mawazo alikaa barazani anamusukuma Mugeni huku na huku kwa kidole, kama vile mabwana wengine wanavyochezea ndevu.

Kisha wakaja watu wa malale.

Mujue kwamba enzi ile Bulamatari aliogopa malale, ugonjwa wa usingizi, kuliko alivyoogopa simba. Watu wote walipangwa musitari juani, wanganga wa serikali wakapita wakipapasa shingo, mutu mmoja mmoja. Ukikutwa na vitezi shingoni unachorwa chaki kifuani, unapelekwa kuchomwa sindano ya mugongo, halafu lazareti, kambi ya kutenga wagonjwa. Kwa hiyo sisi tulijifunza somo moja tu: uvimbe wowote wa shingo unafichwa. Wako waliojipaka mawese shingo nzima ili vidole viteleze. Bwana mmoja alikwenda amembeba mbuzi mabegani, akasema mbuzi anaumwa miguu.

Nuru alifanya lake. Alifunga kitambaa chini mpaka masikioni, halafu akajaza tonge la bugali shavu la kulia, ili pande zote mbili za uso zilingane. Munganga akamuambia, "Mama, jina lako?" Nuru akamuonyesha kidole mudomoni, akatikisa kichwa kama bubu. Munganga akamuhurumia. Akapitisha vidole nyuma ya shingo, pale wanapotafuta malale, akakuta laini, akasema, "Mzima huyu, apite."

Ngoma ilipigwa siku hiyo! Nuru mzima! Kutoka hapo, mutu akiuliza habari ya Mugeni, Abedi alijibu kwa kifua mbele: "Huyo amepita kwa wanganga wa serikali." Mugeni akawa kama raia. Hakuna aliyefikiri kwamba waliomupitisha walishika nyuma, na yeye alikaa mbele.

Mwavita akakua, akachumbiwa na kijana wa Kasongo. Arusi ikapangwa baada ya mavuno ya mupunga. Nuru akasema wazi mbele ya watu: "Mimi nilijipigia mwenyewe kama yatima. Mwavita atapigiwa na mama yake. Kigelegele hicho nimekitunza miaka yote." Hilo ndilo alilolitaka duniani, hakutaka jingine.

Masika yaleyale Mugeni akabadilika tabia. Alivyokua kwa miaka yote, sasa akakua vile kwa musimu mmoja. Akawa mugumu kama kokwa. Nuru akimusukuma haendi tena, amepiga mizizi. Akaanza kuwaka moto mudogo mudogo kuelekea sikioni. Nuru hakutuambia. Alifunga kitambaa chini zaidi, akaendelea kutwanga mupunga wa arusi.

Ila uso haufichwi na kitambaa. Kaka yangu Abedi akaanza kukosa usingizi kwa sababu nyingine kabisa: aliona muke wake anakonyeza wanaume.

Msicheke. Alimuona kwa macho yake. Alimukonyeza mwenye kamio, lori la kubeba pamba. Alimukonyeza kapita, musimamizi wa mashamba. Alimukonyeza karani wa soko, ambaye hata mama yake mzazi hakuwa na sababu ya kumukonyeza. Abedi akavumilia. Lakini siku walipokuja wakwe kutoka Kasongo kumalizia mazungumzo, baba wa bwana harusi amekaa kwenye kiti cha heshima, kanzu nyeupe, tasbihi mukononi, Nuru akamuletea maji ya kunawa, na mbele ya watu wote akamukonyeza.

Muzee wa watu akadondosha tasbihi.

"Nuru!" Abedi akaruka. "Hata mukwe wetu? Hata huyu, na ndevu zake zote?"

"Nimefanya nini?"

"Umemukonyeza! Na mwenye kamio ulimukonyeza! Niko natazama tangu mvua ya kwanza!"

Hapo mwanamuke mwengine angelia, au angerusha bakuli. Mimi mwenyewe nilikwisha kuchagua bakuli la kumupa. Nuru akasimama, akafikiri. Akaniambia, "Wifi, nitazame usoni, usinitazame kama wifi. Nikifumba macho, nini kinatokea?"

Akafumba. Jicho la kulia likafungwa. La kushoto likabaki wazi, linatutazama.

"Moja halifungi," nikasema.

"Upande gani?"

"Wa Mugeni."

Akachukua kikombe, akanywa maji. Maji yakashuka pembe ya kushoto ya mudomo, yakalowesha kifua. Akamugeukia Abedi. "Na huko pia nakonyeza, bwana? Nakonyeza kwa kidevu?" Kisha akajaribu kigelegele, kidogo tu, cha chini chini. Kikatoka na tundu. Upepo ulivuja pembeni, fyuuu, kama mupira wa kinga, baiskeli ya kwetu, uliotobolewa na mwiba.

Hapo ndipo nilimuona Nuru akiogopa, kwa mara ya kwanza. Lakini woga wake haukupoteza wakati. Akavua kitambaa mbele ya wakwe, akaonyesha. "Mudomo wangu naujua kama fundi anavyojua ngoma yake," akasema. "Jicho, mudomo, sikio, vyote upande mmoja, na katikati yake kakaa huyu. Si mapenzi hayo, ni huyu anaunyonga uso wangu. Nataka kwenda Kasongo kwa wanganga wa hospitali."

"Lakini walikupitisha," Abedi akasema, sauti imekwisha.

"Walishika nyuma, Abedi. Mugeni anakaa mbele."

Baba wa bwana harusi akaokota tasbihi yake, akasema yeye atasubiri arusi hata mwaka. Nadhani alisikitika kidogo kwamba hakukonyezwa kweli.

Tukaenda na kamio ya pamba, mimi na Nuru na Abedi, juu ya magunia. Mwenye kamio aliposikia habari akatikisa kichwa. "Mama," akasema, "tangu unikonyeze nimekuwa naoga kila siku. Sasa nitamuogea nani?" Nuru akacheka mpaka nusu ya uso, nusu nyingine ikakataa.

Kasongo alitupokea munganga mweusi, jina lake Hippolyte, kijana mwenye vidole vya polepole. Huyo hakukimbilia nyuma ya shingo. Alipapasa chini ya sikio, chini ya taya, chini ya kidevu, halafu akatia kidole ndani ya kinywa na kingine nje akasikiliza kwa vidole, kama mutu anayechagua embe. Akatafuta jino bovu, hakukuta. Akampa limau.

"Nyonya, mama. Uvimbe unaongezeka ukinyonya? Ukila unavimba, ukimaliza unapungua?"

"Hapana. Ananitazama tu, hashughuliki na chakula."

"Basi si kijiwe," akasema. Akatueleza taratibu, na mimi nilishika kila neno, ndiyo maana nawapa bila chumvi. Alisema kila upande wa uso, mbele na chini ya sikio, mutu ana chungu cha mate. Vingine viko chini ya taya na chini ya ulimi. Kijiwe kikiziba, chungu kinavimba wakati wa kula. Matubwitubwi yakiingia, kinavimba na homa kisha kinapona. Lakini iko nyama ya kuota ndani ya chungu. Hiyo inaanza kama punje, haiumi, inateleza, inaweza kukaa miaka na mutu akaizoea. "Kimya chake si amani," Hippolyte akasema. "Siku ikianza kukua haraka, ikishikamana, ikiuma, au uso ukilegea upande wake, hiyo imekuwa kali. Ungekuja wakati wa punje tungeitoa na uso wako wote ungebaki. Lakini umekuja. Wengi hawaji."

"Tuliogopa sindano ya mugongo," Nuru akasema.

"Najua. Mama yangu pia alijipaka mawese."

Halafu akataka kuona uso unavyofanya kazi. Inua nyusi. Fumba macho. Onyesha meno. "Sasa jaza mashavu, pulizia."

"Nipulizie namna gani?"

"Kama unavyozoea."

Haya, nani alimutuma? Nuru akapiga kigelegele, na tundu lake hilohilo. Wagonjwa waliolala wakaamka, waliokuwa na machela wakaiacha machela. Mwenye mukongojo akacheza. Munganga muzungu akaja mbio, kofia mukononi, anauliza ni arusi ya nani hospitalini. Hippolyte akamueleza kwa Kifaransa. Muzungu akapapasa pia, kwa muda murefu, na furaha ikamutoka usoni.

Alichosema, Hippolyte alitugeuzia hivi: mushipa unaoamuru uso unapita katikati ya uvimbe, kama muzizi unavyopita ndani ya kichuguu. Huwezi kuchimba kichuguu chote bila kukata muzizi. Wakitoa uvimbe, jicho na mudomo wa upande ule huenda visirudi tena. Wakiuacha, utashuka shingoni, utamuua.

"Na kigelegele?" Nuru akauliza.

Muzungu hakujua neno hilo. Hippolyte akanyosha kidole mudomoni mwake. Muzungu akainua mabega.

Abedi akamvuta muke wake pembeni, lakini mimi masikio yangu hayana pembeni. "Mama Mwavita," akamuambia, "tungoje arusi ipite. Piga kigelegele cha mutoto kwanza. Halafu tutarudi wakate."

Nuru akamushika mukono. Alikuwa amekitaka kile kigelegele kuliko kitu chochote, na Abedi alijua, ndiyo maana alisema vile. Yalikuwa maneno ya mapenzi, na yalikuwa maneno ya kifo.

"Mugeni huyu alinidanganya miaka yote kwa kunyamaza," akasema. "Sasa ameanza kusema, na wewe unataka nimuambie angoje? Nikipiga leo na tundu hili, mwakani Mwavita atanipigia kilio. Wakate. Mudomo ukibaki nusu, nitajua la kufanya na nusu."

Wakakata. Mimi na Abedi tulikaa nje chini ya ukuta, na kaka yangu alimuomba radhi kila mutu aliyepita, hata mbwa. Walimutoa Mugeni pamoja na chungu chake cha mate. Nuru alipoamka, nusu ya uso ilikuwa arusini na nusu ilikuwa musibani. Kovu lilishuka kutoka sikio mpaka chini ya taya. Alipewa kioo, akajitazama, akaniambia kwa mudomo uliopinda, "Wifi, sasa hata nikikonyeza kweli, hakuna atakayejua." Nikatoka nje nikalia, kisha nikarudi nikacheka.

Jicho likafungwa na kitambaa wakati wa kulala ili lisikauke. Hippolyte alimuambia arudi kupapaswa kila mavuno ya pamba, na Nuru akarudi kila mavuno, kamio ileile.

Kabla ya arusi alipotea shambani kila asubuhi. Nilimufuata. Alikuwa katikati ya mihogo anajaribu. Fyuuu. Anapumzika. Fyuuu. Ndege wa kwetu, ambao zamani waliruka wakimusikia, walikaa matawini wanamutazama kwa huruma. Mimi sikujitokeza. Kuna mambo ambayo hata wifi anapita kimya.

Siku ikafika. Mwavita kasimama ndani ya mulango, ushungi usoni, mguu mmoja hewani. Wakwe nje wamejaa, muzee wa tasbihi mbele. Nuru akafungua mudomo. Pakatoka upepo mutupu. Mwanamuke mmoja kati ya wakwe akafunika kinywa, nikaona neno la kuku wa kuokotwa linatoka. Nikaanza kujaza pumzi nimupigie mutoto mimi, na mimi sauti yangu ni ya chura.

Nuru akainua kiganja cha kushoto. Akakilaza shavuni, kitako cha kiganja kimegusa kovu chini ya sikio, vidole vimeinua ile pembe ya mudomo iliyoanguka, vimeziba tundu. Akapiga.

Nilisema kwenye sauti nitatia chumvi. Hapa sina haja. Kigelegele kilitoka kizima, chembamba mwanzo kama uzi, kikapanda, kikafunguka, kikakaa juu ya paa za watu, kikakataa kushuka. Mwavita akavuka mulango. Abedi akakaa chini vumbini na kanzu yake mupya. Haya, chumvi kidogo: Luama ikasimama kusikiliza, na mamba mmoja akafungua kinywa kwa mushangao, bata aliyekuwa ndani akatoka akaenda zake.

Wasichana wote waliokuwa pale waliona vile. Kwa arusi iliyofuata, wote wakapiga na kiganja shavuni, maana walidhani ndiyo mutindo mupya kutoka Kasongo. Nuru akawaacha. "Waache washike," akaniambia. "Lakini wifi, waambie washike pande zote mbili, Mugeni hachagui upande."

Aliishi mpaka akabeba wajukuu wa Mwavita, na alikufa kwa uzee wa kawaida, akibishana na mimi juu ya bei ya chumvi. Hata leo ukienda arusini Kabambare, mama wa binti ataweka kiganja chini ya sikio kabla ya kupiga. Ukimuuliza sababu atakuambia ndivyo kigelegele kinavyopigwa. Juzijuzi mama mmoja aliweka kiganja, akakiondoa, akakirudisha. Hakupiga. Alimuita dada yake amupokee, akaja kwangu pembeni na kidole bado kiko palepale.

"Mama," akaniuliza, "hapa kuna kama punje ya mahindi. Inateleza. Haiumi."

"Vizuri," nikamuambia. "Arusi ikiisha, usipake masizi. Kamio ya Kasongo inaondoka asubuhi."